Steve Kerr alisomea wapi ukocha?

Msomaji wa Mwanza ananiuliza hivi: "Kocha, shikamoo. Nina miaka 29, nacheza kikapu, nafasi ya gadi. Misimu mitatu sasa nasugua benchi, na goti la kulia limeanza kunidai. Mwalimu wa timu anataka nibaki nimsaidie kufundisha. Wenzangu wananicheka, wanasema kocha ambaye hakuwahi kuwa nyota hasikilizwi na mtu. Nikiwatajia Steve Kerr wanajibu kwamba huyo alibebwa: uwanjani alibebwa na Jordan, kwenye ukocha akabebwa na Curry. Ni kweli? Na kama si kweli, alisomea wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Wenzako wana nusu ya ukweli, na sioni sababu ya kuwanyima nusu yao. Mtu aliyecheza na Michael Jordan na Scottie Pippen, kisha Tim Duncan na David Robinson, halafu siku ya kwanza ya ukocha, pale Golden State Warriors, akamkuta Stephen Curry mwenye miaka 26 anamsubiri, huyo amezaliwa na nyota ya jaha. Ila waliocheza na Jordan ni wengi, na wengi wao leo hatuwakumbuki hata majina. Curry naye alikuwa na mwalimu kabla ya Kerr. Alikuwa Mark Jackson, ambaye enzi zake alikuwa gadi mkubwa kuliko Kerr. Msimu wa 2013–14 alishinda mechi 51, timu ikatolewa raundi ya kwanza ya mtoano. Msimu uliofuata, kikosi kikiwa karibu kilekile, Warriors ya Kerr ilishinda 67 na kutwaa ubingwa ambao haikuwa imeuonja tangu 1975. Hapo katikati kuna kitu, na nadhani ndicho unachokiulizia.

Tumpime kwanza Kerr kama mchezaji. Aliingia NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mwaka 1988, Phoenix Suns ilipomchagua akiwa wa 50. Kwa kulinganisha, Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies mwaka 2009. Aliyechaguliwa wa 50 hanunui nyumba, anapanga chumba na begi analiacha limefungwa. Phoenix ilimuuza Cleveland, Cleveland ikamuuza Orlando, na mwaka 1993 akaenda Chicago kutafuta nafasi. Alidumu misimu 15 na mechi 910. Katika hizo 910 alianza mechi 30 tu. Wastani wake ni pointi 6 kwa mechi. Ukiishia hapo, wenzako wameshinda ubishi. Lakini kuna namba moja ambayo mpaka leo hakuna aliyeipita katika historia ya ligi ile: mitupo yake ya pointi tatu iliingia kwa asilimia 45.4 katika maisha yake yote ya uchezaji. Curry hajaifikia.

Fikiria maana ya namba hiyo kwa mtu anayetokea benchi. Wewe unaijua hali hiyo kuliko mimi. Umekaa dakika 20 mwili umepoa, mikono baridi, unaitwa ghafla, mpira unakufikia mara moja katika dakika tatu, na huo mmoja unatakiwa uingie. Asiyefuatilia mchezo akiwa amekaa hawezi kazi hiyo. Lazima ajue kabla ya kuinuka nani analinda wapi, nani amechoka, msaada unatoka upande gani. Kerr aliishi hivyo miaka 15.

Jambo jingine huwa nalisema kwenye kozi za makocha na watu hulipokea kwa mashaka. Uwanjani mko watano na mpira ni mmoja. Nyota anaujua mchezo akiwa na mpira mkononi. Kerr aliujua akiwa upande usio na mpira, amesimama pembeni anasubiri, anamtazama mlinzi wake akigeuza shingo. Ukocha kwa sehemu kubwa ni kuwapa kazi wale wanne wasio na mpira. Yeye alikuwa mmoja wao tangu mwanzo. Ndiyo maana sishangai kwamba Pat Riley na Phil Jackson, wenye vikombe lukuki vya ukocha, wote walikuwa wachezaji wa akiba, wakati Magic Johnson, nyota mkubwa, alipokabidhiwa Lakers mwaka 1994 alishinda mechi 5, akapoteza 11, akaondoka. Usiifanye kanuni, lakini. Bill Russell alikuwa nyota wa nyota, na alipofanywa kocha wa Boston Celtics mwaka 1966, Mwafrika Mmarekani wa kwanza kupewa kazi hiyo NBA, alichukua ubingwa wa 1968 na 1969 huku yeye mwenyewe akicheza.

Umeuliza alisomea wapi. Nitaanzia mbali kidogo, unisamehe.

Kerr alizaliwa Beirut, Lebanoni, Septemba 1965. Babu na bibi yake walifika eneo lile baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuhudumia Waarmenia walionusurika mauaji. Baba yake, Malcolm Kerr, alizaliwa hukohuko, akawa profesa wa siasa za nchi za Kiarabu. Mtoto alikulia kati ya Los Angeles, Cairo na Beirut, leo mwenyeji, kesho mgeni. Mwaka 1982, Lebanoni ikiwa vitani, baba alikubali kuwa rais wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut. Tarehe 18 Januari 1984 watu wawili wenye bunduki walimuua nje ya ofisi yake. Steve alikuwa na miaka 18, mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Arizona, chuo pekee kikubwa kilichompa nafasi, tena dakika za mwisho. Habari ilimfikia usiku kwa simu.

Siku mbili baadaye Arizona ilikuwa na mechi dhidi ya mahasimu wao wa jimbo, Arizona State. Alicheza. Uwanja ulisimama kimya kwa heshima ya marehemu, yeye analia. Baadaye akaingia akitokea benchi, mtupo wake wa kwanza ukazama, akamaliza na pointi 12. Miaka minne mbele, kwenye uwanja wa mahasimu haohao, mashabiki wachache walimzomea kwa kifo cha baba yake wakati anapasha misuli. Kipindi cha kwanza alitupa pointi tatu mara sita na zote sita zikaingia.

Sikusimulii haya ili tumwonee huruma. Kocha wa watu wazima kila msimu hupokea mchezaji aliyefiwa, aliyeachwa, ambaye mama yake yuko hospitali. Kerr hahitaji kusoma kitabu kuhusu hilo. Hata Jordan, baba yake aliuawa kwa risasi mwaka 1993. Wawili hao walikaa chumba kimoja cha kuvalia kwa miaka na, kwa maneno ya Kerr mwenyewe, hawakuwahi kulizungumza. Na ukimwona tarehe 24 Mei 2022 kule Dallas, kabla ya mechi ya fainali ya kanda, anakataa kuongelea kikapu na kupiga meza kwa sababu watoto 19 na walimu wawili wameuawa kwa bunduki shuleni Uvalde, utajua hasira ile ina umri gani.

Sasa goti, kwa kuwa umelitaja lako. Mwaka 1986 alikwenda Hispania na timu ya Marekani kwenye mashindano ya dunia, goti likakatika nusu fainali, na msimu mzima wa 1986–87 akaukosa. Aliutazama pembeni ya mwalimu wake, Lute Olson, aliyeipokea Arizona ikiwa imeshinda mechi nne tu msimu uliotangulia. Aliporudi, Arizona ilishinda mechi 35 na kufika timu nne bora za nchi, na yeye akatupa pointi tatu kwa asilimia 57. Kisha kwenye nusu fainali dhidi ya Oklahoma akatupa mara 13, zikaingia 2. Wakafungwa. Mtu aliyepitia siku kama hiyo hamfokei mchezaji kwa kukosa.

Shule yake kubwa ilikuwa Chicago Bulls. Kocha Phil Jackson alikuwa na msaidizi mzee, Tex Winter, aliyefundisha mfumo wa pembetatu. Mfumo huo hauna mchezo unaopigiwa kelele kutoka benchi. Kila mtu anamsoma mlinzi aliye mbele yake, na pasi ya kwanza ndiyo inayoamua nani akate kwenda wapi. Ukiwa na Jordan unashawishika kumpa mpira na kumpisha. Mfumo ulikuwa unamlazimisha Jordan naye aamini wengine, na mwenye kuaminiwa mara nyingi alikuwa yule mtu wa pembeni.

Uaminifu huo haukuja bure. Katika kambi ya maandalizi ya msimu wa 1995–96, Jordan amerudi kutoka kwenye besiboli na hasira za kufungwa, walibishana mazoezini mpaka Jordan akampiga ngumi ya jicho. Siku hiyohiyo Jordan alimpigia simu kuomba radhi. Kerr husema baada ya hapo Jordan alimheshimu, kwa sababu hakurudi nyuma. Msimu ule Bulls walishinda mechi 72 na kupoteza 10. Kisha ikaja Juni 1997, mechi ya sita ya fainali dhidi ya Utah Jazz, 86 kwa 86. Kabla ya kurudi uwanjani Jordan alimwambia Kerr kwamba John Stockton atamwacha aje kusaidia kumbana. Kerr akamjibu kwamba akija, yeye yuko tayari. Stockton akaja. Pasi ikatoka, mtupo ukaingia zikiwa zimebaki sekunde tano. Ubingwa. Kabla ya pasi ile yalikuwepo mazungumzo ya watu wawili wakitabiri mlinzi wa tatu atafanya nini. Huo ni ukocha, na aliyekuwa anaufanya amevaa jezi.

Kutoka Chicago alikwenda San Antonio Spurs kwa kocha Gregg Popovich, akachukua ubingwa wa 1999, wa nne mfululizo kwake akiwa na timu mbili tofauti. Mwaka 2003, ana miaka 37 na karibu hachezi kabisa, Spurs wamezidiwa na Dallas kwenye mechi ya sita ya fainali ya kanda ya Magharibi, Tony Parker anaumwa. Popovich akamwita. Alitupa pointi tatu mara nne na zote nne zikaingia. Wakashinda ile, wakachukua ubingwa, akastaafu na pete tano za ubingwa. Ningependa uirudie mechi hiyo, lakini usitazame mitupo. Mtazame Kerr kabla hajaitwa: muda wote huo yuko pale kama mtu anayesubiri daladala anayojua itapita.

Baada ya kustaafu hakwenda moja kwa moja kwenye ukocha. Hapa ndipo njia yake inapoachana na yako. Alikwenda televisheni kuchambua mechi. Mwaka 2004 alikuwa miongoni mwa walioinunua Phoenix Suns, na 2007 akawa meneja mkuu wake. Ofisini hakung'ara. Timu ilikuwa inakimbia na kufurahisha watu chini ya Mike D'Antoni. Yeye akamtoa Shawn Marion na kumleta Shaquille O'Neal, mzito na mwenye umri, kasi ikafa. D'Antoni akaondoka 2008. Kocha aliyemwajiri baada yake, Terry Porter, alifukuzwa kabla msimu haujaisha. Mrithi wa Porter, Alvin Gentry, aliifikisha timu fainali ya kanda mwaka 2010. Kerr akaacha ofisi, akarudi kwenye kipaza sauti. Alipokuwa kocha miaka minne baadaye, mmoja wa wasaidizi wa kwanza aliowatafuta alikuwa huyo Gentry. Nampa alama nyingi kwa hilo. Wako watu wengi wakishashindwa mahali huwakwepa waliowaona wakishindwa.

Miaka ile ya televisheni alikuwa akikaa na makocha kabla ya mechi, anawauliza, na usiku anaandika. Alijiwekea faili: mazoezi yatakuwaje, wasaidizi wa aina gani, mchezaji asiyepangwa aambiwe nini. Mei 2014 Phil Jackson alimtaka New York Knicks, lakini akachagua Warriors. Hakuwa amefundisha hata timu ya watoto kwa mshahara.

Kabla ya kuchora chochote ubaoni alifunga safari. Alimfuata Andrew Bogut mpaka Australia, akamfuata Harrison Barnes Miami. Alikwenda pia kwenye kambi ya Seattle Seahawks, timu ya mpira wa miguu wa Kimarekani, kumtazama Pete Carroll akifundisha. Carroll alimuuliza swali lililomkwamisha: utafundishaje? Kerr akaanza kuongelea mbinu, na Carroll akamwambia hajaulizwa mbinu, ameulizwa siku yake ya kazi itakuwaje. Akarudi na mambo manne: furaha, utulivu wa akili, huruma na ushindani. Watu walicheka furaha kuwekwa ya kwanza. Nenda ukatazame mazoezi yao, muziki unavyopigwa.

Kiufundi aliokota kila alikopita. Pembetatu ya Winter, pasi za Popovich, kasi aliyoiua mwenyewe Phoenix na sasa akairudisha kwa mkono wa Gentry, na ulinzi wa kubadilishana watu chini ya msaidizi mwingine, Ron Adams. Warriors walikuwa wa mwisho katika ligi nzima kwa idadi ya pasi kwa mechi. Kerr aliwapa lengo: pasi 300 kila mechi. Hakuanza kwa kulaumu kwamba Curry anashika sana mpira. Alihesabu pasi.

Halafu likaja jambo la benchi lenyewe. Andre Iguodala hakuwahi kuanzia benchi hata mechi moja katika miaka kumi NBA. Kerr alimwomba akae nje ili Barnes, kijana, aanze. Unadhani angekubali kusikia hilo kutoka kwa mtu aliyezoea kuanza kila mechi? Labda. Lakini aliyemwomba alikuwa na mechi 880 za kutokea benchi na pete tano, hawezi kuambiwa "wewe hujui inavyouma". Fainali dhidi ya Cleveland, Warriors wako nyuma 2 kwa 1, kijana wa ofisini mwake aitwaye Nick U'Ren aliyekuwa akipitia mikanda ya fainali ya mwaka uliotangulia akatoa wazo usiku wa manane: mwanzishe Iguodala badala ya Bogut mrefu. Kerr akalikubali, akawadanganya waandishi wa habari kuhusu kikosi, akashinda, kisha akakiri uongo na kumtaja U'Ren hadharani. Iguodala akawa mchezaji bora wa fainali bila kuanza hata mechi moja ya msimu wa kawaida. Hapo ndipo ninapowakatalia wenzako. Curry hakumfanyia Kerr kazi hiyo.

Mengine nitayapitisha haraka kwa sababu unayajua. Upasuaji wa mgongo ulimwendea vibaya mwaka 2015, akakosa mechi 43 za mwanzo wa msimu. Msaidizi wake Luke Walton akashinda 39 kati ya hizo, na kwa taratibu za NBA zote zikaandikwa kwa jina la Kerr, jambo lililomchekesha yeye kuliko mtu mwingine. Walimaliza na ushindi 73 na vipigo 9, rekodi ya ligi, kisha wakafungwa fainali na Cleveland ya Tyronn Lue wakiwa wameongoza 3 kwa 1. Lue naye alikuwa gadi mdogo wa akiba. Ubingwa ukaja tena 2017, 2018 na 2022. Katikati ya hiyo kuna msimu wa 2019–20: ushindi 15, vipigo 50. Klay Thompson hakucheza kabisa, Curry alicheza mechi tano, na mwalimu wa mabingwa akawa mtu wa kawaida. Wenzako wakikutajia Curry, usiufiche msimu huo.

Februari 2018 alifanya kitu ambacho nimekijaribu mwenyewe na timu yangu. Aliona wachezaji wamechoka kusikia sauti yake, basi katika mechi dhidi ya Phoenix akawapa wao ubao. Iguodala na Draymond Green ndio waliochora wakati wa mapumziko mafupi. Walishinda 129 kwa 83. Wapo waliosema amewadharau wapinzani. Mimi nilipojaribu, tulifungwa, na gadi wangu mmoja alichora mchezo wenye watu sita. Lakini wiki iliyofuata walinisikiliza kwa masikio mengine.

Nisikuuzie malaika. Oktoba 2022 Draymond Green alimpiga ngumi mwenzake kijana, Jordan Poole, mazoezini. Ungedhani mtu aliyepigwa ngumi na Michael Jordan mazoezini ndiye anayejua dawa yake. Hakuwa nayo. Green alitozwa faini na kukaa nje kidogo, akarudi mapema, na kwa kukiri kwa Kerr mwenyewe imani ndani ya timu haikupona msimu ule. Walitolewa raundi ya pili, Poole akauzwa. Ngumi ya 1995 ilikuwa ya watu wawili wanaokaribiana umri waliobishana uso kwa uso. Ya 2022 ilirekodiwa na dunia nzima ikaitazama. Nadhani alisoma kesi mpya kwa kitabu cha zamani.

Sasa nikuambie ninalotaka ulishike. Usiige njia ya Kerr. Ni nadra mtu kupewa timu ya kulipwa bila kuwa msaidizi hata siku moja, na Kerr alikuwa na pete tano, sura inayojulikana kwenye televisheni na Phil Jackson anayemgombea. Njia inayokufaa ni ya mtu mwingine, na utamwelewa zaidi kwa kuwa kazi yake imepita hapa jirani.

Royal Ivey ni mtoto wa New York, alichaguliwa wa 37 mwaka 2004 na Atlanta Hawks, akacheza miaka yake NBA akihama kutoka benchi hili hadi lile: Atlanta, Milwaukee, Philadelphia, Oklahoma City. Alipoacha hakuitwa na mtu mkubwa. Alianza kama msaidizi kwenye timu ya vijana wa akiba ya Oklahoma City, kwenye ligi ya chini, kisha msaidizi Knicks, Nets, Rockets. Mwaka 2021 Luol Deng, rais wa shirikisho la kikapu la Sudan Kusini, waliyefahamiana tangu zamani, alimpa timu ya taifa ya Sudan Kusini, nchi isiyokuwa na ukumbi wa ndani wa kikapu. Waliingia mechi za kufuzu AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, kwa kuchukua nafasi ya Algeria iliyojitoa, wakafuzu, na kule Kigali wakafika robo fainali. Mwaka 2023 wakacheza Kombe la Dunia, wakawafunga China, Ufilipino na Angola, na kukata tiketi ya Olimpiki kama timu bora ya Afrika.

Tarehe 20 Julai 2024, London, mechi ya kirafiki: timu ya taifa ya Marekani, Kerr akiwa kocha wake, dhidi ya Sudan Kusini ya Ivey. Wachezaji wawili wa zamani wa akiba, mmoja ana LeBron James, Curry na Anthony Davis, mwingine hana nyota hata mmoja wa aina hiyo. Mapumziko Sudan Kusini wanaongoza 58 kwa 42. Carlik Jones akamaliza na pointi 15, pasi za mwisho 11 na mipira 11 aliyodaka. Iliwachukua Marekani hadi sekunde nane za mwisho, LeBron akapenya na kufunga: 101 kwa 100. Kule Paris Marekani waliwafunga 103 kwa 86 na mwishowe wakatwaa dhahabu. Sudan Kusini wakaondoka na ushindi mmoja, dhidi ya Puerto Rico, na nchi nzima ikiimba. Kwangu, mtu aliyefundisha vizuri zaidi mwezi ule alikuwa Ivey.

Kwa hiyo mwambie mwalimu wako ndiyo, lakini kwa masharti. Usikubali kuwa mbeba mipira na mpiga filimbi. Omba sehemu moja iwe yako, ulinzi wa mpira wa pembeni au mazoezi ya kutupa, na uulizwe matokeo yake. Ulizia TBF, shirikisho letu la kikapu, kuhusu kozi ya ukocha ya ngazi ya kwanza kabla goti halijakutoa kabisa, maana darasani utatakiwa kukimbia kidogo. Na usiache kuvaa jezi mapema. Msimu huu mmoja wa kukaa kati ya wachezaji na mwalimu hautaurudia: unasikia wanachosema wakati yeye hayupo, na hivi karibuni watanyamaza ukipita.

Kuanzia mechi ya Jumamosi nunua daftari la kurasa 40. Hesabu pasi za timu yako robo kwa robo, na kila timu inapoomba muda andika unadhani mwalimu wa upande wa pili atabadilisha nini, kabla hajabadilisha. Ukishamaliza mechi tano nitumie picha za kurasa hizo, hata ulikokosea. Hasa ulikokosea.